Mishikaki ya Kondoo na Deni la Pilau

Jina la hoteli sitalitaja, na si kwa kuogopa mawakili. Limeandikwa kwa Kichina kitupu, nami Kichina sijui. Ukitaka kufika, nenda Kilimani giza likishaingia, utafute taa nyekundu yenye visanduku viwili vilivyopitiwa na mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Herufi hiyo husomwa chuan, na watu wa Beijing hukunja ulimi mwishoni, ikawa chuanr. Maana yake ni vitu vilivyotungwa pamoja, lakini ikiwaka nje ya hoteli usiku huhitaji mkalimani: vipande viwili vya nyama, kijiti kimoja.

"Hapa ndipo penyewe, bana," rafiki yangu alisema. Ni mtoto wa Umoja, na tumbo lake limezunguka Nairobi kushinda matatu. "Cheki meza. Wachina wenyewe ndio wanakula hapa."

Nikacheki. Meza zilikuwa tisa, na sita zilikuwa za Wachina. Kwa sisi tunaopiga chakula picha kabla ya kunawa, hakuna cheti kinachozidi hicho. Hoteli ya Kihindi tunaipima kwa kuhesabu Wahindi, ya Kiethiopia kwa kuhesabu Wahabeshi. Tukikuta Wakenya tupu tunashuku tumepigwa.

Mimi nilikuwa na swali langu, na jibu lilikuwa mlangoni. Kibao cha kijani, maandishi ya Kichina juu, ya Kiarabu chini. Herufi nilizochapiwa viboko chuoni Majengo, Mombasa, zikanifaa Kilimani: halali. Nikaketi.

Mishikaki ilikuja kumi kwa mpigo juu ya sinia la bati. Vijiti ni vya chuma, vyembamba na bapa, na ukivishika kwa pupa utajuta. Nyama imekatwa ndogo, ukubwa wa ncha ya kidole gumba, na imepangwa kwa utaratibu: nyama mbili, mafuta, nyama mbili. Kile kipande cha mafuta ndicho kinachofanya kazi. Makaa yakikipata kinadondosha, moto unaruka, na moshi unarudi juu kuipaka nyama harufu. Pembeni kuna rangi ya kahawia inayokatika chini ya jino, ndani bado kuna maji yake. Rafiki yangu, mtu wa maneno mengi, alikaa kimya hadi kijiti cha nne.

Viungo ni vitatu tu: chumvi, pilipili ya unga na jira, ile bizari nyembamba. Jira ni nyingi. Mwanzoni niliona wamezidisha, lakini kufika kijiti cha tatu nilielewa kwamba hapa jira ni nusu ya chakula. Haikusagwa ikawa vumbi, imepondwa kidogo tu, kwa hivyo unaitafuna. Hutiwa mwishoni, nyama ikikaribia kuiva, kwa sababu ikitangulia itaungua na kuwa chungu.

Mtu wa Mombasa hawezi kula hivi bila kulinganisha. Mshikaki wetu mara nyingi ni wa ng'ombe, umelala ndani ya tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na papai bichi hadi nyama ikalegea kabla ya kuona moto. Unaliwa na ukwaju, na viazi karai pembeni. Utamu wake umeingia tangu jana. Huu wa Kilimani unavishwa utamu ukiwa motoni, dakika hiyohiyo, kwa hivyo mchomaji akizubaa hakuna kiungo cha kumwokoa. Sitasema upi ni bora. Mamangu husoma haya.

Tulikula pia mkate bapa uliochomwa juu ya makaa yaleyale, na biringanya zima lililopasuliwa katikati na kujazwa kitunguu saumu mpaka likawa kama uji mzito wa kuchota kwa kijiko. Biringanya hilo peke yake ni sababu ya kurudi. Sinia la pili la mishikaki lilikuja na pilipili nyingi mno, kondoo akapotea humo ndani. Pombe hakuna, chai ipo. Bili ya watu wawili ilifika shilingi 3,200. Hiyo si bei ya mutura, jipange.

Kati ya jikoni na sisi kulikuwa na pazia la vipande vya plastiki. Mhudumu alipita na masinia mawili, kipande kimoja kikanasa, nikaona ndani.

Sijui nilitarajia nini. Kusema kweli, najua. Nilitarajia mzee mwenye kofia ya kudariziwa na ndevu nyembamba, mtu aliyetoka mbali. Niliyemwona ni kijana ndani ya jezi ya Gor Mahia, aproni juu yake, akigeuza mishikaki kama ishirini kwa mkono mmoja huku mwingine ukinyunyiza chumvi.

Nilihisi kitu kikishuka kifuani. Kondoo niliyekuwa nikimtafuna alikuwa amesafiri kutoka mbali, na sasa akawa wa hapa tu. Kinywani ladha haikuwa imebadilika hata chembe. Kilichobadilika ni kwamba mchomaji alikuwa na uso kama wangu.

"Kumbe ni msee wetu," rafiki yangu akasema. Alikuwa ameshaandika maneno ya kuweka chini ya picha. Akarudi kwenye simu, akafuta neno "halisi", akatuma.

Sasa niungame. Miaka miwili iliyopita niliandika kuhusu hoteli moja ya vyakula vya Pwani hapa Nairobi. Nilikula pilau, nikaomba nyongeza, nikaimaliza nayo. Wakati wa kulipa nikasikia mpishi anatoka Kakamega. Nikaenda nyumbani nikaandika kwamba pilau ile "imekosa roho ya Pwani". Watu waliipenda sana sentensi hiyo. Waliisambaza. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza roho ina ladha gani, na kama ilikosekana, ile sahani ya pili niliila ya nini.

Sikumuuliza mpishi yule alijifunzia wapi. Huenda aliishi Mombasa miaka mingi kuliko mimi. Huenda alifunzwa na mama wa Kibokoni ambaye asingenivumilia mimi jikoni mwake hata dakika tano. Kazi yangu ilikuwa kusema kilichokuwa kwenye sahani. Badala yake nilikagua kitambulisho.

Na mimi ni nani wa kukagua kitambulisho cha mtu? Nilipofika miaka 18 nilienda kuomba changu, nikaambiwa nilete vyeti vya babu, ndipo waamini kwamba mimi ni Mkenya. Nilizungushwa miezi. Wenzangu wengi wa Pwani na wa Kaskazini Mashariki wanajua foleni hiyo. Najua inavyouma kuulizwa asili yako na mtu aliyekwisha kuamua jibu. Halafu nikaja mjini, nikapewa kalamu, nikamfanyia mpishi wa watu vilevile, kwa lugha tamu.

Kwa hivyo wiki iliyofuata nilirudi Kilimani peke yangu, saa kumi jioni kabla ya wateja. Yule kijana alikuwa nje nyuma ya hoteli, ameketi juu ya kreti ya soda, akitunga nyama. Nilijitambulisha. Hakuacha kutunga.

Anatoka Huruma. Kondoo anawatoa Kiamaiko, soko la mbuzi na kondoo lililo jirani na kwao. "Mimi ndio huchagua, boss. Nataka wale wekundu wa Maasai, wako na mkia." Aliniinulia pande la mafuta meupe, zito, kama sabuni ya mche iliyoanza kulainika. Huko mishikaki hii ilikotoka, magharibi ya mbali ya China, kondoo wanaosifiwa ni wale wa mkia au matako ya mafuta, na kondoo mwekundu wa Wamaasai ni wa jamii hiyohiyo ya mkia mnono. Yaani kijana huyu hakuwa akitafuta kitu cha kubahatisha badala ya kile cha asili. Kitu chenyewe kilikuwa Kiamaiko tangu zamani, kikimngoja mtu anayejua kazi yake.

Nilimuuliza alijifunza vipi. "Mwenye hoteli alinifunza moto kwanza. Miezi miwili nachoma mkate tu. Halafu akaniacha nitie chumvi. Ziran hakuniruhusu kushika mpaka nikajua moto."

Alisema ziran kama mtu aliyezaliwa nalo, na hilo ndilo neno la Kichina la jira. Wachina walilipata kwa Wauyghur, ambao husema zire, na Wauyghur wakalipata upande wa Uajemi. Sisi Pwani tunasema jira kwa sababu yetu ilipitia Bara Hindi na kuvuka bahari. Ni maneno ndugu yaliyoachana njiani, moja likapanda milima ya Asia ya Kati, lingine likapanda jahazi. Yamekuja kukutana nyuma ya hoteli Kilimani, kwenye ulimi wa kijana wa Huruma. Hata mshikaki wenyewe Wauyghur huuita kawap. Litamke polepole utasikia kababu.

Hapo ndipo neno la rafiki yangu linapoanza kunisumbua. Halisi tulilipata kwa Waarabu, na kwao khalis ni kitu safi, kisichochanganywa. Sasa nionyeshe, kwenye kijiti hiki, ni wapi pasipochanganywa. Mishikaki hii inaitwa ya Kichina, lakini Wachina wengi waliipokea mitaani kutoka kwa wachuuzi wa Xinjiang, Waislamu wanaosema lugha iliyo karibu na Kituruki kuliko Kichina. Katika miaka ya 1980 wachuuzi hao walienea Beijing na miji mingine na majiko yao marefu ya makaa, na wengine walitumia spoki za baiskeli kama vijiti. Mwaka 1986 mchekeshaji Chen Peisi aliingia kwenye kipindi cha mkesha wa mwaka mpya cha televisheni ya taifa, kile ambacho China nzima hukitazama, akaigiza mchuuzi wa mishikaki asiye na leseni. Mtu yeyote aliyewahi kuona kanjo wakishuka kwenye gari Tom Mboya Street anaujua mchezo huo bila tafsiri.

Chakula cha wahamiaji kikawa chakula cha mji, kisha cha nchi. Kaskazini-mashariki ya China wana mtindo wao, na mji wa Zibo una wake wa kufunga nyama ndani ya chapati nyembamba na kitunguu cha majani, ambao mwaka 2023 ulijaza treni watu waliokwenda kula tu. Ukisaka ulio halisi kati ya hiyo yote utazeeka njiani.

Lakini sitaki kulifanya neno hili mchezo, kwa sababu kuna mahali ambapo si mchezo. Yale maandishi ya Kichina juu ya kibao cha kijani husomwa qingzhen. Ndilo neno lao la halali. Qing ni safi, zhen ni kweli. Mwaka 2019 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba maofisa wa Beijing walikuwa wakiziagiza hoteli na maduka ya halali kuondoa maandishi ya Kiarabu na alama za Kiislamu kwenye mabango yao. Na huko Xinjiang, jira na mishikaki ilikotoka, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema Agosti 2022 kwamba jinsi Wauyghur na Waislamu wengine walivyowekwa kizuizini huenda ikawa ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Serikali ya China imekanusha. Mishikaki inapendwa kila kona ya nchi, watu walioileta wanabanwa. Kibao kilichonikaribisha mimi Kilimani, Beijing kingeweza kuteremshwa.

Mwenye hoteli sikumuuliza juu ya hayo. Aliniona nikikitazama kibao chake, akaniitikia salamu kwa Kiarabu, akarudi kwenye risiti zake. Kuna maswali ambayo mgeni hamuulizi mwenyeji wake ili apate aya nzuri ya kuandika.

Nataka pia kuwakumbusha wenzangu tunaopima hoteli kwa sura za walioketi. Machi 2015, hapahapa Kilimani, kulizuka kelele juu ya hoteli nyingine ya Kichina iliyokuwa haiwaruhusu Waafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni. Nchi iliwaka, serikali ya kaunti ikaifunga. Tulikasirika, na tulikuwa na haki. Lakini chukua kipimo chetu, "Wachina wenyewe ndio wanakula hapa", ukipeleke kule. Usiku Waafrika walikuwa wakizuiwa mlangoni. Kwa hesabu yetu hiyo ndiyo iliyokuwa hoteli halisi kupita zote Nairobi. Kipimo kinachompa alama za juu mtu anayekufungia mlango kina kasoro, na kasoro hiyo tumeibeba sisi wenyewe kichwani.

Nilimwambia yule kijana alichofanya rafiki yangu na simu, na jinsi nilivyohisi nilipomwona. Nilidhani atakasirika. Alicheka, akapangusa mikono.

"Wachina wakiingia wanachungulia huku kwanza, waone kama niko. Wengine nikiwa off wanarudi. Ni wasee wetu ndio huuliza, 'Mchina ako wapi?'"

Nikamuuliza kama amewahi kuketi mbele, mezani, akaletewa sinia kama mteja.

"Mimi hula huku," akasema, akionyesha kreti.

Sasa kasoro, maana nimekuja kukosoa. Ile pilipili ya sinia la pili nimeshaitaja. Moshi unaingia mezani, na koti lako litanuka kondoo siku tatu. Lakini kosa kubwa la hoteli hii ni menyu mbili. Sisi tulipewa kitabu cha picha chenye vyakula kumi na vinane. Ukutani kuna karatasi ndefu ya Kichina yenye vingi zaidi, na hakuna mtu aliyetuambia. Kijana ndiye aliyenidokezea: kuna figo za kondoo, kuna majani ya kitunguu saumu ya kuchoma, kuna mishipa. Siku hiyo nilimwonyesha mhudumu ukuta kwa kidole. Akashangaa kidogo, akaandika. Majani yale yalikuja yametungwa kwenye vijiti viwili sambamba kama ngazi, yamenyauka pembeni, matamu, yenye jira ileile. Figo zilikuwa na ukali ambao si wa kila mtu. Zilikuwa bora kuliko sahani yoyote kwenye kile kitabu cha picha.

Hapo ndipo ninapowalaumu. Kijana wa Huruma ameaminiwa na moto, ameaminiwa na ziran, lakini mteja wa Umoja haaminiwi na figo. Mtu ameamua kabla hujaketi kwamba wewe huwezi kula hiki. Ni hukumu ileile niliyompa mpishi wa Kakamega, safari hii imegeuziwa kwangu, na haipendezi. Wabandike tafsiri ya karatasi ile. Ni kazi ya alasiri moja.

Nendeni, basi. Nendeni wanne, ili muagize vijiti arobaini na mgawane bili. Anzeni na kondoo, msiombe pilipili ya ziada, agizeni biringanya, kisha onyesheni ukuta. Mkiulizwa kama mna hakika, semeni ndiyo. Mkishiba, inueni pazia mshukuru mchomaji. Na ukiandika kuhusu usiku huo, andika nyama ilikuwaje.

Mimi nimebaki na deni langu, na nalilipa hapa ingawa limechelewa. Ile pilau ya miaka miwili iliyopita ilikuwa nzuri. Mchele ulichambuka punje kwa punje, viazi vilikuwa vimekunywa mchuzi, jira ilinukia tangu mlangoni, na kachumbari ilikuwa na ndimu ya kutosha. Nilikula sahani mbili.